Chambo cha Mzee Mudathiri

Tangu arobaini ya Bi Rahma ipite, mumewe, Mzee Mudathiri, alikuwa hali. Si kwamba alichagua chakula, la, alikuwa hali kabisa: chai ya rangi asubuhi, chai ya rangi jioni, na akibembelezwa sana anamega ndizi kidogo kama anaonja dawa. Cherehani yake pale barazani Tukuyu ilifunikwa kanga ya marehemu, na wateja wakahamia kwenye mitumba, maana miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, mitumba ilijaa tele. Binti yake Mwanajuma alimwona baba anavyopwaya ndani ya kanzu, akaogopa. Jamani, aliogopa kweli. Mama amezikwa juzijuzi tu, na huyu naye anajiandaa kumfuata.

Mvua za kwanza zilipoanza, akapata wazo. Kila mwaka mvua zikifungua msimu, mzee alikuwa akiteremsha fimbo yake ya mwanzi darini na kwenda kuvua ziwa la Masoko. Na kwa chambo, mwanamume yule alikuwa na maringo! Panzi hamtaki mwanzo wa msimu. Maji bado ya baridi, samaki amezubaa, nani wa kumkimbiza panzi? Mzee anataka nyungunyungu, tena mzima. Anamweka kiganjani, asipojinyonganyonga, anarushiwa kuku. Bi Rahma alikuwa akimcheka: "Ungenichagua mimi hivyo, ningezeekea kwetu."

Basi Mwanajuma akachimba nyuma ya jiko, akajaza kopo, akampelekea.

"Baba, mvua imeshaanza. Tazama chambo."

Mzee akachungulia. "Hawa wamelegea," akasema, akageukia ukuta.

Mwingine angekata tamaa. Mwanajuma nusura aruke kwa furaha, maana baba alikuwa hajatamka maneno mawili mfululizo siku nyingi. Kama tatizo ni kulegea, basi watafutwe wasiolegea! Akamkimbilia Tusekile, mama mmoja wa Kisondela aliyewauzia ndizi kila siku ya soko. Huko kwao udongo ni mweusi, una maji, na nyungunyungu wake wamenona.

"Mama, baba anataka chambo hai. Nitafutie huko kwenu, chenye nguvu. Kikifa njiani hakitaki."

"Msee anataka? Mwenyewe amesema?" Tusekile akashika kifua. "Ndaga Kyala, Mungu ashukuriwe! Nitaleta, mwanangu."

Hapo ndipo mambo yalipokwenda upande. Kwa akina Mwanajuma, ambao babu yao alikuja huku na vitambaa vyake kutoka Kilwa, chambo ni kile unachokitundika kwenye ndoana. Kwa Tusekile, chambo ni samaki, yule mnene wa Ziwa Nyasa, na kaka yake Amoni alikuwa anawafuga bwawani. Ile "hakitaki" ya kipwani, ambayo kwa samaki ingekuwa "hamtaki", ilimpita sikioni salama salimini.

Siku ya soko Tusekile huyo mlangoni, amelowa chapachapa, ndoo kichwani inatikisika.

"Hodi humu! Nimebadilisha maji kila kijito nilichovuka. Mmoja nusura anitoke pale mlimani! Haya, leteni kisu, msee achinje!"

"Achinje nini, mama?" Mwanajuma akauliza.

"Si chambo! Ninyi Waislamu si lazima mchinje? Umesema wakifa njiani hamwataki. Nikasema kweli, hawa hawali nyamafu."

Mwanajuma akachungulia ndooni. Samaki wawili wakubwa wakamkodolea macho. Aibu ikamshika, hajui acheke au aombe radhi. Akamgeukia baba.

Mzee Mudathiri alikuwa amesimama. Akaja, akainamia ndoo. Samaki mmoja akapiga mkia, maji yakamrukia ndevuni.

"Huyu hajalegea," akasema. Kisha mabega yakaanza kumtikisika. "Lakini Mwanajuma, nikivua kwa chambo hiki, huyo atakayekuja kukimeza tutambeba kwa lori gani?"

Akacheka! Loo, alicheka mpaka akashika nguzo, akakohoa, akacheka tena. Mwanajuma alipomweleza Tusekile, mama wa watu akaketi chini pu.

"Minyoo? Nimevunja shingo yangu kutoka Kisondela, kumbe mnataka minyoo?"

"Na samaki hatumchinji, mama," mzee akasema, anajifuta macho. "Hata angekufa njiani tungemla."

"Si mngeniambia!"

Mwanajuma hakungoja mjadala uishe. Akawapaa wale samaki, akawapika kwa nyanya, na wali wa Kyela pembeni. Wakaketi mkekani wote watatu. Mzee akamega kichwa cha samaki, kile ambacho miaka yote kilikuwa cha Bi Rahma na hakuna aliyethubutu kukigusa, akakisogeza upande wa binti yake.

"Kula wewe. Mama yako asingependa kitupwe."

Kisha akala. Akala tonge, akala jingine, akanyonya mwiba, akarudi siniani. Mwanajuma aliinamisha uso, hataki hata kumtazama, asije akaacha.

"Ukoko upo?" mzee akauliza.

Upo, kwa nini usiwepo! Mwanajuma akaingia jikoni, akakwangua sufuria huku analia, roho imetulia kwa mara ya kwanza tangu msiba. Huko nje alimsikia baba, mdomo umejaa wali, akimwagiza Tusekile safari ijayo alete minyoo kweli, tena wasiwe wamelegea.