Dada Anayelia Kitabuni

Mungu aliniambia niandike. Sijigambi. Nilikuwa nafua, neno likanijia wazi kama mtu ananiita kutoka dirishani: waandikie watoto kuhusu mimba zinazotolewa. Nilibisha wiki nzima. Kisha nikakaa chini, nikamaliza kurasa kumi na mbili kwa siku tatu, na mchungaji akasema nizisome Jumapili mbele ya darasa la watoto ninalofundisha kanisani.

Mimi ni karani wa kumbukumbu za wagonjwa, na nina stashahada ya kazi hiyo. Taarifa ya mgonjwa ikitoka nje ya ofisi, tunafuta jina na kuacha mengine yalivyo. Kitabu nilikiandika vivyo hivyo.

Jumamosi mchana mdogo wangu, fundi cherehani, alikuja kumpima binti yangu sare ya shule. Binti alikuwa amesimama juu ya stuli, na mimi sipendi muda upotee bure, nikaanza kumsomea. Msichana wa kwenye hadithi anapata mimba akiwa bado shuleni. Anaitoa. Dada yake mkubwa anamng'ang'ania, analia, anamsihi asiende. Miaka inapita, msichana anakuwa fundi wa nguo mwenye kovu la pasi mkono wa kushoto, na kila akishona gauni la mtoto anamkumbuka yule aliyerudi kwa Mungu.

"Huyu si mama mdogo?" binti akadakia huku anacheka. "Mama mdogo, umo kitabuni!"

Mdogo wangu alikuwa na pini mdomoni. Alizitoa moja moja.

"Mafundi tuliounguzwa na pasi tuko wengi, mwanangu. Shuka, kacheze nje kidogo."

Mlango ulipofungwa, alinigeukia.

"Mume wangu hajui. Na wewe unajua kwamba hajui."

"Jina nimelitoa."

"Ungetoa na mkono basi! Wanangu wawili wamo kwenye hilo darasa lako. Ulidhani hawaujui mkono wa mama yao?"

Sikuwa nimeliwaza hilo. Mimi, ninayewafokea makarani wenzangu kwa kuacha faili wazi mezani.

"Na huyu dada anayelia ni nani?" akauliza.

Nikaanza kuzipanga kurasa.

"Nauliza tu, maana mimi dada ninaye mmoja. Yule alinipeleka mwenyewe, akakaa kwenye benchi anapitia madaftari yake. Nilipotoka akaniambia nijikaze, tutembee haraka, ana mtihani saa nane."

"Saa tisa," nikasema.

Hadi leo sijui kwa nini nilisema vile. Aliniangalia tu.

"Mungu akikutuma tena," akasema, "mwombe akutume kwako kwanza."

Binti alikuwa amesharudi, anachungulia mlangoni. "Mama, yule dada anayelia ndiye wewe?"

Wote wawili wakanitazama. Miaka sita nimewafundisha watoto wa watu kwamba uongo ni uongo hata ukiwa mdogo.

"Hapana. Huyo nimemtunga."

"Kwa nini?"

"Nilitaka kuwe na mtu mwema."

Akakunja uso. "Lakini ni yeye peke yake aliyekuwa mzuri."

Nilimpigia mchungaji pale pale, mdogo wangu akisikia, nikamwambia kitabu hakisomwi kesho. Akauliza kama wito umekwisha.

"Haujaisha. Ila nimemwandika mtu ambaye sikutumwa kumwandika."

"Kwani ulitumwa umwandike nani?"

Mdogo wangu alikuwa amesharudi kupima bega la mtoto. Akasimamisha mkono.

"Mimi," nikasema. Sauti haikutoka vizuri, ikabidi nirudie.