Plomba ya Delcho

...isiwe leo, ningemwambia isiwe leo, ila mdomo umejaa pamba na kile kimpira cha kufyonza mate kinakoroma pembeni ya ulimi, na Kalina, daktari mpya wa meno, ameinama juu yangu, keekee mkononi, haijaanza kuzunguka, anasubiri, "Niitoe, shangazi Ganka?" halafu harakaharaka, "usijibu kwa kichwa, tafadhali, kama ni ndiyo inua mkono," maana mtaa mzima bado unamcheka kwa ajili ya mzee Tanyo, alimuuliza mzee kama inauma, mzee akatikisa kichwa huku na huku, yaani ndiyo, inauma hasa, ndivyo tunavyosema ndiyo sisi watu wa Yambol, huku Bulgaria, tangu kuzaliwa, naye Kalina, aliyekaa Vienna mpaka kichwa chake kikageuka Mwaustria, akaona hapana, akaendelea kutoboa, na yowe la mzee likafika duka la mikate... mkono wangu umelala tumboni, haunyanyuki, na doa la unyevu liko palepale darini, Delcho, ulisema utalipaka rangi theluji ikiisha, kila mwaka theluji ikaisha, wagonjwa wako wakalala hapa wakibishana ni jogoo au ngamia, na sasa nimelala mimi, kwenye kiti chako, kwa mikono ya mwingine, na kuingia tu nimepita mbele ya uso wako mlangoni, karatasi yenye picha yako, ya nusu mwaka tangu ufe, niliibandika mwenyewe ili wapita njia wasome kwamba bado tunakulilia, kona moja imeachia, nikaibonyeza kwa kidole gumba, haikushika... "Unanisikia, shangazi? Plomba yenyewe, kizibo cha jino, ni nzima. Kazi safi, siku hizi nani anajua kushindilia fedha na zebaki namna hii? Jino ndilo limeoza chini yake, kimyakimya," anasema, nami nasikia nusu, nusu niko nawe, nilipokuja hapa na koti la kampuni ya umeme kukagua mita, nikakuta plomba imekatwa, maana muhuri wa mita nao tunauita plomba, kile kidonge cha risasi kwenye waya, nikatoa kalamu nikuandikie faini, nawe ukanitazama, "Bibie, hilo shavu limeingia chumbani kabla yako, hebu kaa hapo kwanza," nikakaa, mjinga mimi, nikakuachia mdomo, ukaniziba jino, kisha nikaifunga mita yako upya, ukacheka, "Basi tumeshapigana plomba, wewe yako kwenye umeme wangu, mimi yangu kwenye jino lako, tuone nani atavunja kwanza, atakayevunja ampikie mwenzake supu ya matumbo mpaka afe," na hukuwahi kuvunja, wala mimi, na kila ulipolewa kwenye harusi za watu uliwaambia wageni mke wangu nimempiga muhuri... "kuna dawa nyeupe, naigandisha kwa taa ya buluu, unaondoka nayo leoleo, lakini shimo hili kubwa, naogopa itapasuka, afadhali kipande cha kauri, kinachongwa kwa kipimo chako, leo nitakuzibia kwa muda, utarudi kukivaa, au tulivishe jino lote kofia, na kama uozo umefika kwenye mshipa itabidi nisafishe mzizi kwanza, na tukiliacha tu, shangazi, mwisho ni kung'oa," maskini Kalina, ana sauti ya kumwongelesha mtoto, hajui kwamba nimetafuna upande mmoja tangu tukuzike, nisiichakaze plomba yako, hajui maumivu yalipoanza nilifurahi, ndiyo, nilifurahi, nililala na mkono shavuni nikasema huyo Delcho anabisha hodi, nikanywa rakia, pombe yetu kali, badala ya dawa ili nisikuzimishe, na kumbe hukuwa wewe, ilikuwa jino langu mwenyewe linakufa... "Naweza kuondoka nayo?" nilimuuliza kabla ya ganzi, akashika bega langu, "Haitoki nzima, inasagika, inakwenda na maji," inakwenda na maji, Delcho, ile ya mita angalau walipokuja kuandika umeme kwa jina la Kalina fundi aliikata ikaanguka sakafuni, nikaiokota, iko mfukoni mwa koti, lakini hii haitabaki hata vumbi la kufunga kwenye leso, na moyo unaniuma, ganzi haifiki huko, ningeuacha mdomo wazi hivihivi mpaka waje kufunga zahanati... plomba nzima, jino limeoza, ndivyo alivyosema, kazi yako nzima kabisa, haina hata ufa, na mimi ninayeilinda ndiye ninayebomoka pembeni yake, nimekonda mpaka nimepunguza mikanda yote, simfungulii dada yangu mlango, na wewe ungeona humu ndani ungetukana, wewe uliyewafokea wajane wa watu, "Mama, nimekuziba ili ule, si ili unitunzie," ungeshika keekee mwenyewe bila kuniuliza, na isitoshe, sikiliza, nimekumbuka sasa hivi, sikuvunja mimi, ulivunja wewe, pale sokoni, umeshika fungu la vitunguu majani mkononi, ukaanguka, hukuinuka tena, ukavunja kwanza, muongo wee, na supu yangu hukupika hata bakuli moja, nani sasa ananizuia, nani... "Shangazi? Nimengoja, na nitangoja, lakini niambie," keekee bado imetulia, jogoo bado yuko darini, au ngamia, na huu mkono, mkono uliokata plomba za mitaa mizima bila huruma, nyanyuka basi, nyanyuka, na unanyanyuka, mzito, naona vidole vyangu vikipita mbele ya doa, pete yako kidoleni, "Ni ndiyo?" anauliza Kalina, anataka uhakika, mtoto wa watu, na machozi yanateremka kuingia masikioni, na mimi mkono uko juu, nimesahau alichonikataza, natikisa kichwa, huku na huku, huku na huku, ndiyo, Delcho, ndiyo.