Shahada ya Majani

Marit Tollefson alirithi mikono ya baba yake, na hilo ndilo lililomponza. Mji mzima wa wakulima wa mahindi ulijua kwamba mzee Arvid akistaafu, kliniki yake ya kunyoosha migongo ingekuwa ya binti yake. Marit naye hakutaka kingine duniani.

Alijiunga na chuo cha tiba ya uti wa mgongo, jimbo la jirani, bila shahada ya kwanza. Chuo hakikujali. Anatomia na biokemia alizosoma kwa ajili ya tiba zilihesabiwa pia kwenye shahada ya kwanza ya baiolojia. Ilibaki kuongeza masomo matatu tu, jenetiki, ikolojia na mimea, na kujaza fomu ya kuiomba shahada hiyo kabla ya kuanza kutibu katika kliniki ya wanafunzi. Ukishaanza kutibu, nafasi imekupita.

Garrett Oyen, waliyepasua naye maiti meza moja, aliijaza mapema. Alikuwa mzito wa mikono huyo. Akikushika shingo, unamwomba Mungu. Marit alimpigia baba yake simu kuuliza kama naye aijaze.

"Mimea?" mzee akacheka. "Mwanangu, unataka kunyoosha mgongo wa mti?"

"Garrett anasema jimboni kwetu hupewi leseni bila shahada ya kwanza, baba."

"Achana naye. Miaka arobaini nanyoosha watu hapa, nani kaniuliza shahada ya majani?"

Kweli, hakuna aliyemuuliza. Leseni ya mzee ilitangulia sheria ya kudai shahada. Marit hakuifungua hiyo sheria aisome. Neno la baba lilimtosha, tena lilimfurahisha, maana uvivu ukipata baraka za mzazi huitwa utii. Kila Garrett alipokazana na jenetiki, Marit alimtania: "Vipi bwana shamba, mbaazi zimeota?" Garrett alicheka tu, akaendelea kusoma.

Marit alihitimu akiwa wa kwanza kwa kazi ya mikono. Barua ya bodi ya leseni ilikuwa na mistari minne: hana shahada ya kwanza, ombi limekataliwa. Chuo kikasema muda wa kujaza fomu ulishapita. Vyuo vingine vilimtaka asome upya miaka miwili mizima, na mikono ya mzee ilikwisha kuanza kutetemeka.

Alingoja baba aseme samahani. Mzee alimaliza kahawa yake, akasema, "Mtu mzima husoma sheria mwenyewe." Dakika ile Marit alimchukia kuliko mtu yeyote, na alijichukia mwenyewe zaidi.

Kliniki ikachukuliwa na Garrett. Mzee akambembeleza ampe binti yake kazi ya mapokezi, na Garrett, kwa wema wake unaoudhi, akakubali.

Jumatatu moja mzee alikuja ameshika kiuno. Alimpita binti yake kama anapita kabati, akaingia ndani, akalala kifudifudi. Mlango uliachwa wazi. Marit alisikia mfupa ukialika, akajua papo hapo kuwa Garrett amekosea pingili. Yeye angeipata amefumba macho.

"Vipi, Daktari Tollefson?" Garrett akamuuliza mzee.

"Safi kabisa, Daktari," mzee akajibu, huku akishuka kwa kujishikilia ukutani.

Alifika mapokezi akitazama sakafu. "Niandikie Alhamisi."

Marit akafungua daftari, akashika kalamu.

"Jina lako nani, mzee?"