Picha Zilizoharibika

Projestus alikuwa mpiga picha wa vita. Kwa kuwa Kimara haina vita, siku nyingi alipiga picha za pasipoti. Studio ilikuwa na kiti kimoja na pazia la buluu, na nje, ikitazama Barabara ya Morogoro, ilitundikwa ile picha, kubwa kama mlango. Mwanamke ameshuka kwenye boti ya wakimbizi Kigoma, amembeba mtoto kifuani. Mtoto ameipa kamera mgongo. Mama anatazama ziwa kwa macho ambayo majaji wa tuzo walisema yamebeba uchungu wa bara zima. Tuzo yenyewe ilikaa juu ya friji nyumbani, na mkewe, Felicitas, aliifuta vumbi kila Jumamosi pamoja na friji.

Jumanne moja akaingia mwanamke mwembamba. Projestus akamwonyesha kiti, akamwambia avue hereni na asicheke. Mwanamke akakaa. Hakucheka, wala hakuvua hereni.

"Yule wa hapo nje ni mimi," akasema.

Projestus alitoka akatazama picha, akarudi akamtazama mtu. Sura ile alikuwa ameiuza nchi kadhaa, na ilipoingia mlangoni kwake hakuitambua. Aliona aibu kwelikweli, akamwagizia soda.

Jina lake Faida. Alieleza kwamba yuko Dar kwa kibali. Imepatikana nchi ya kumpokea huko Ulaya, ndege ni Alhamisi, na kanisa limemhifadhi hapohapo Kimara. Alikuwa anakwenda kununua vocha ndipo akajiona ametundikwa. Mtoto aliitwa Sifa. Malaria ilimchukua kambini, mwaka uleule. Picha yake hana hata moja, maana simu ilizama ziwani, na hataki kupanda ndege mikono mitupu. Anaomba ile nyingine.

"Ipi hiyo, dada?"

"Ile aliyokuwa anacheka."

Projestus aliikumbuka mara moja, na angependa sana asiikumbuke. Mtoto aliiona kamera akachangamka, meno yote nje, akinyoosha mkono aishike. Sasa mkimbizi anayecheka nani atamnunua? Alipiga mbili tatu kwa adabu, kisha akamwomba mama amgeuze mtoto. Jioni, gesti, alifuta zilizoharibika ili kadi ipate nafasi. Wenzake wote walifanya hivyo, na kwenye semina yeye mwenyewe aliwafundisha vijana kwamba mpiga picha mzuri hujulikana kwa picha anazozifuta.

Hata hivyo alitafuta. Alifungua diski moja baada ya nyingine huku akijua hakuna kitu, kwa sababu kutafuta kulikuwa rahisi kuliko kusema. Faida alisubiri, akinywa soda taratibu. Mwishowe Projestus akamwambia kwamba alizifuta.

Faida aliweka chupa ya soda chini. Kisha akauliza kama ile ya nje inaweza kukatwa. Alitaka yeye aondolewe, na ziwa liondolewe, abaki mtoto. Projestus akamweleza, kwa upole wa mtu mwenye hatia, kwamba uso hauonekani, utabaki kisogo tu.

"Basi nipe kisogo."

Akaifungua picha kwenye kompyuta, akayaondoa yale macho yaliyompa tuzo, akakuza kilichobaki. Upande ule wa picha alikuwa hajawahi kuutazama; hata maelezo yaliyozunguka nayo dunia nzima, aliyoyaandika kwa mkono wake, yalisema "mama na mwanawe wa kiume." Skrini ikajaa kichwa kidogo cha msichana kilichosukwa mistari, imenyooka vizuri mpaka shingoni. Mmoja tu, nyuma ya sikio, uliishia katikati, na nywele zilizobaki zilisimama ovyo. Projestus akasema hilo si tatizo, anaweza kulirekebisha.

Faida akamzuia mkono. Akasogea, akaweka kidole pale msuko ulipokatikia.

"Hapo ndipo nilipofika," akasema, "tukasikia risasi."