Usisahau Maji Yako

Kwa wakweze alikuwa mfano. Fundi cherehani, mke wa mtu, mama wa watoto wawili, na chupa ya maji haimtoki mkononi. Wakambatiza Mama Maji. Wifi yake, dada wa mumewe, kila akiona mwanamke na soda alimwambia akamwige Mama Maji, ngozi ile haiji bure. Ngozi! Laiti wangejua. Chupani mlikuwa na pombe kali isiyo na rangi, na Mama Maji hakuweza kushona pindo moja bila kupiga funda.

Siri ya mtungi aijuaye kata, na yeye aliamini kata ni yeye peke yake. Mumewe, masikini, hajui kitu: kila asubuhi humkabidhi chupa mlangoni na kumwambia asisahau maji yake, naye huondoka na aibu yake. Faraja yake ilikuwa moja tu. Siku hizi chupa ilikuwa ikichelewa kuisha. Nimeanza kujimudu, alijisemea. Bado kidogo nitaacha, na hakuna atakayejua.

Sasa siku moja wifi alikwenda kibandani anakoshonea Mama Maji kuchukua gauni lake. Mezani hukaa chupa mbili: ya kunywa, na ya kunyunyizia nguo kabla ya pasi, ile yenye kifuniko kilichotobolewa kwa sindano. Kichwa cha fundi kilikuwa kizito tangu asubuhi, akavichanganya vifuniko. Akanyunyiza, akakandamiza pasi ya moto, mvuke ukapanda. Lo! Kibanda kizima kikanuka kilabu cha pombe. Wifi akanusa gauni, akanusa chupa, akamnusa na mwenye chupa. Alilikunja gauni lake likiwa bichi vilevile, akaondoka nalo.

Jioni wakakalishana sebuleni. Wifi alimwaga yote, kisha akamgeukia kaka yake.

"Kikulacho ki nguoni mwako, kaka. Watoto nitawachukua mimi."

Mama Maji alilikodolea zulia macho. Mengine yote angeyavumilia, hata kurudishwa kwao, lakini si kutenganishwa na wanawe. Mumewe akacheka. Akasema hiyo ni dawa ya kutolea madoa, mafundi wote wanaitumia, na aliyeinunua ni yeye mwenyewe. Wifi akajiondokea na manung'uniko yake.

Mama Maji alilia kwa shukrani. Mwanamume gani huyu, na mimi namlipa uongo! Akaingia jikoni, akaimwaga chupa yote kwenye sinki, akaisuuza na kuipindua. Alilala akitetemeka na kutoka jasho, lakini hakugusa kitu.

Kulipokucha, macho yake yalikuwa macho ya fundi. Mumewe alisimama mlangoni, tayari kwenda kazini. Kifungo kimoja cha shati lake kilikuwa kimeshonwa kwa nyuzi zilizopishana msalaba. Yeye vifungo huvishona kwa nyuzi mbili sambamba, tangu alipofundishwa kushika sindano. Akakumbuka aliwahi kuona mshono wa namna hiyo kwenye shati lake jingine, akajiambia ni pombe inamchezea.

"Kifungo hicho kakishona nani?"

Mume wala hakujitazama kifuani. Alimpa chupa. "Usisahau maji yako."

Ilikuwa nzito, imejaa mpaka shingoni. Chupa aliyoimwaga kwa mkono wake! Kumbe ndiyo maana ilikuwa haiishi. Kule kujimudu alikojisifia, kumbe alikuwa akijaziwa.

"Ulikuwa unajua," alisema.

"Tangu zamani. Ukinywa, nyumba ina amani, huulizi mambo ya vifungo." Sauti yake ilikuwa ya upole, ileile ya kila asubuhi. "Kama hutaki, nampigia dada nimwambie haikuwa dawa ya madoa. Atawafuata watoto leo hii."

Watoto walikuwa mezani na chai yao, wakigombania kijiko. Mama Maji alishikwa na hasira na kiu, na uchungu wenyewe ni kwamba hakujua ipi imezidi. Mume akamfungulia chupa. Akanywa. Mume akasimama palepale, kifuniko mkononi, akingoja apige funda la pili.