Kitabu cha Mswidi Kanisani

"Maman Bibiane, tia mu carton," Pasta Bertin akasema. "Kanisa yote inakungojea."

Bibiane hakutia. Alikikumbatia kitabu chake kinene mbele ya waumini wote, katika ghala la Anderlecht, mjini Brussels, walilolifanya kanisa. Ilikuwa Jumapili ya kutupa vitu vya dunia. Chini ya madhabahu palikuwa na katoni ya ndizi, na ndani yake hirizi, chupa ya wiski, nywele za bandia, na juu kabisa kitabu kama hicho hicho, alichokitia Alphonsine, rafiki yake wa kwaya, huku analia kama mfiwa.

Wee, mwaka ule wa 2009 nani hakuwa anamsoma yule mwandishi wa habari wa Uswidi! Alikufa kabla hajaonja sifa, maskini, na Brussels nzima ikainamia hadithi zake za mauaji, kwenye metro na kwenye foleni ya mkate. Bibiane alikuwa msafishaji wa wodi katika hospitali ya Woluwe. Kila asubuhi alikikuta kitabu kile kando ya kitanda cha mgonjwa huyu au yule, akakinyanyua, akapangusa vumbi, akakirudisha palepale. Mpaka siku moja akachoka kurudisha, akaenda dukani akanunua cha kwake. Tangu afike nchi hii hakuwa amenunua kitu kisichokuwa cha lazima. Sasa aje mtu akitupe? Thubutu!

"Iko kitabu ya damu," Pasta akaendelea. "Nilikuona mu métro, unaisoma mpaka unapita arrêt yako ya kushuka!"

"Na Biblia, Pasta? Kaini hakuua ndugu yake?"

Watu wa nyuma wakaguna. Mmoja alicheka, akajifanya anakohoa.

"Bon. Alors chagua, maman. Ile kitabu, ao kuimbisha chorale."

Hapo ndipo palipomchoma. Kuiongoza kwaya ile ndiko kulikomfanya awe mtu katika mji huu, ambao juma zima unampita na ndoo yake bila salamu. Akamtazama Alphonsine, Alphonsine akatazama viatu.

"Pasta, miye sijamaliza kusoma," akasema. "Siyui bado nani aliua. Sitaitia mu carton. Apana."

Akageuka, akatembea hadi benchi la mwisho, akaketi na kitabu chake mapajani. Hasira na aibu vilimpanda pamoja.

Pasta akauanzisha wimbo mwenyewe, juu mno, sauti ikamkatikia kwenye mstari wa pili. Kinanda kikarudia utangulizi, kikarudia tena, na hakuna mwanakwaya aliyeingia.

Ndipo Bibiane, bila kusimama wala kuomba ruhusa, akauanzisha huko huko nyuma, kwa sauti yake mwenyewe ya chini. Wa kwanza kuipa madhabahu mgongo na kumwitikia alikuwa Alphonsine.