Peasi ya Mgeni

"Usipige deki," Mama Hyewon aliandika kwenye grupu la kina mama wa watoto wenye ulemavu wa akili. "Vyombo viache kwenye sinki. Danbi usimchane nywele. Na usimpe mtu kitu, dada, nakujua wewe na ukarimu wako! Afisa anakuja kupima, haji kula."

Malsun alisoma ujumbe mara tatu. Akailaza simu kifudifudi juu ya friji, akapiga deki.

Angefanyaje? Mgeni ni mgeni. Na Danbi, bintiye, akamchana, akambana nywele vizuri. Danbi ana miaka ishirini na saba, na gari kwake ni kitu cha kukimbilia. Miaka mitatu iliyopita mlango ulisahauliwa wazi, akalifuata basi la njano kwa miguu. Alipatikana baada ya saa tisa nzima za kutafutwa, mji mwingine kabisa, soksi zimelowa damu. Ndipo serikali ikampa msaidizi, Bi Pyo, saa mia na ishirini kwa mwezi. Saa hizo ndizo zinazomwezesha Malsun kuosha vyombo kwenye mgahawa wa supu ya mifupa. Sasa muda wa kupimwa upya umefika, na anayeonekana anajiweza hupunguziwa saa.

Afisa Gu alivua viatu mlangoni, akaketi sakafuni, akafungua kompyuta yake mapajani. Kijana mpole tu.

"Anavaa nguo mwenyewe?"

"Akikumbushwa."

"Anavaa au havai, mama? 'Akikumbushwa' hapa haipo."

"Anavaa."

Akabonyeza.

"Akiachwa peke yake?"

"Anatoka! Anapotea, afisa. Gari haogopi, mtu haogopi..."

"Mwaka huu amepotea mara ngapi?"

"Hajapotea. Si Bi Pyo yupo?"

"Sifuri." Akabonyeza.

Mgeni amekaa robo saa na mbele yake meza tupu. Malsun alihisi aibu inamtambaa shingoni kama siafu. Akavumilia, akavumilia, mwisho akainuka akaleta peasi kubwa la baridi, sahani, uma na kisu. Hata hajalikata, birika la chai ya shayiri likafurika jikoni. Akakimbia kuzima moto.

Aliporudi, kisu kilikuwa mkononi mwa Danbi.

Miaka minane alimfundisha. Miaka minane ya plasta za vidole, ya kulia, ya kuanza upya. Na siku hiyo, jamani, ganda lilishuka utepe mmoja mrefu bila kukatika! Danbi akakata vipande, akachoma kimoja kwa uma, akamnyooshea mgeni kwa mikono miwili.

"Karibu, mgeni."

Kwa sekunde moja Malsun alifurahi. Kwa kweli alifurahi. Kisha akakiona kidole cha afisa kikishuka kubonyeza.

"Hongera, Danbi!" Afisa Gu alipiga makofi.

"Hongera, Danbi!" Danbi naye akajipigia.

Barua ilikuja baada ya wiki tatu. Saa arobaini na saba kwa mwezi.

Malsun alipiga simu akiwa chooni mgahawani, glavu za mpira bado mikononi.

"Mama Danbi, mbona unalia?" Afisa Gu alisema. "Mwenzio angeshukuru. Binti amepiga hatua."

"Hatua gani? Kumenya peasi kutalizuia gari?"

"Alama zimejumlishwa, mama. Mimi sijumlishi, ni mashine."

"Basi njoo umpime tena."

"Rufaa ni haki yako. Ila ujue, akipimwa tena saa zinaweza kushuka zaidi. Nisikufiche."

Bi Pyo alipangiwa nyumba nyingine, kwa mwenye saa nyingi. Aliaga analia, viatu amevivaa nusunusu. Malsun alinunua kufuli, akafunga komeo mlangoni, upande wa nje.

Rufaa akakata. Na kila Jumapili akawa anamfundisha Danbi upya. Aliweka peasi mezani, kisu pembeni, akakaa.

"Hujui," alisema. "Sema sijui."

Danbi akatabasamu, akachukua kisu.

Malsun akampiga kofi mkononi. Kisu kikaanguka.

"Sema sijui!"

"Sijui," Danbi alisema. Akaikalia mikono yake, akalitazama peasi kama mtu aliyefungiwa dirisha.

Jumapili ya nne Danbi hakunyoosha mkono kabisa. Malsun akaenda kulia bafuni, bomba limefunguliwa.

Mkesha wa siku ya kupimwa alienda kazini kama kawaida. Kufuli akalivuta mara mbili kuhakikisha. Aliporudi jioni akafungua, akavua viatu, akasikia harufu ya utamu uliochacha.

Mfuko wa peasi ulikuwa mtupu. Kisu alichokificha nyuma ya pipa la mchele kilikuwa kimeoshwa, kimekaushwa, kimelazwa kwenye kitambaa. Mezani sahani zote za nyumba hiyo, na kwenye kila sahani vipande vilivyopangwa duara, vimegeuka kahawia tangu asubuhi. Maganda yalining'inia ukingoni mwa meza, utepe kwa utepe, hakuna hata mmoja uliokatika.

Danbi alikuwa ameketi mkabala na mlango, nywele amejichana mwenyewe.

"Mgeni hajaja," alisema.

Malsun alisimama na kufuli mkononi. Simu ikalia kwenye mkoba: ujumbe wa ofisi, kesho saa nne asubuhi, tafadhali binti awepo.

Danbi akachoma kipande cha kahawia, akamnyooshea mama yake kwa mikono miwili. Akangoja makofi.